IMAMU GHAZALI NA WALE AMBAO WITO HAUKUWAFIKIA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu wasomaji, katika kurasa hizi tumezoea kuwaeleza maisha ya wakubwa wetu waliotangulia, ili tujue walivyoishi na tuone haya kwa tunavyoishi sisi. Safari hii nimemchagua Imamu Ghazali, na sababu ya kumchagua ni jambo lililonipata mwenyewe.

Kijana mmoja wa darsa yetu aliniuliza suala baada ya sala ya Isha. Mama yake ni mtu wa bara aliyesilimu alipoolewa, na nyanya yake mzaa mama, aliyemlea utotoni, alikuwa amefariki wiki ile. Mwanamke yule aliishi na kufa katika Ukristo. Alikuwa mtu wa sala kwa dini yake, mkweli wa maneno, wala hakumfukuza mwenye njaa mlangoni pake. Habari za Mtume wetu alizokuwa nazo ni zile tu alizosimuliwa utotoni na watu wasiompenda Mtume. Kijana alitaka kujua kama Mungu, naye ndiye Mwadilifu, atamtia motoni mtu kama yule. Mimi nilikuwa nimechoka na kitabu ki wazi mbele yangu. Nikamjibu kwa neno moja la mkato, kisha nikaendelea na somo la udhu. Darsa iliyofuata kijana hakuja, wala ile ya baada yake.

Neno lile halikuniacha nilale. Si kwamba suala lenyewe ni jepesi, bali niliona kuwa nimetoa hukumu juu ya roho ya mtu bila ya kufungua hata kitabu kimoja. Nikarudi kwenye kijitabu nilichokisoma ujanani nikakipita upesi, nacho ni Faysalut Tafriqa cha Imamu Ghazali. Yaliyomo hayafahamiki vizuri ila kwa kumjua aliyeyaandika. Basi sikilizeni habari zake.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Jina lake ni Abu Hamid Muhammad bin Muhammad Al-Ghazali. Mashuhuri ni kuwa alizaliwa mwaka 450 H. (1058) katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan, upande wa kaskazini-mashariki wa Iran ya leo. Imepokewa kuwa baba yake alikuwa maskini, akisokota sufi na kuiuza. Hakuwa mtu wa elimu, lakini akipenda kukaa na wanavyuoni, na akilia kila alipowasikia, akimuomba Mungu ampe mtoto aliye kama wao. Alipohisi mauti yamekaribia aliwakabidhi watoto wake wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mmoja katika watu wa tasawwuf, pamoja na akiba ndogo aliyokuwa nayo ili wasomeshwe.

Akiba ile ikaisha. Yule rafiki, naye maskini, akawashauri waingie madrasa ambako wanafunzi walikuwa wakipewa chakula. Wakaingia. Ghazali alipokuwa mkubwa hakulificha jambo hili. Alikuwa akikiri kwamba yeye na nduguye waliitafuta elimu kwa ajili ya kitu kisichokuwa Mungu, lakini elimu yenyewe ikakataa kuwa ya mwingine ila Mungu.

KUSOMA KWAKE

Alianza fiqhi kwao Tus, kisha akasafiri mpaka Jurjan. Katika kurudi, msafara wao ulivamiwa na wanyang'anyi, wakachukua kila kitu pamoja na mfuko wa madaftari aliyoyaandika katika darsa. Ghazali akamfuata mkubwa wao akimsihi amrudishie karatasi zile tu, maana ndizo elimu yake. Yule mwizi akacheka, akamuuliza vipi adai kuwa na elimu ambayo mtu akimwondolea karatasi hubaki hana kitu. Kisha akamrudishia. Ghazali aliyachukua maneno ya mwizi kuwa ni onyo kutoka kwa Mola wake, na miaka mitatu iliyofuata akaishughulikia kuhifadhi yote aliyoyaandika.

Kisha akaenda Nishapur kwa Imamul Haramain Al-Juwaini, mkubwa wa madh-hebu ya Shafi katika zama zile. Akakaa naye mpaka sheikh alipofariki mwaka 478 H. (1085), naye ameshakuwa mjuzi wa fiqhi, usuli, mantiki na ilimu ya itikadi kwa njia ya Ashaari. Sisi tunaosoma Shafi katika pwani hii tuna deni kwake, hata asiyejua. Kitabu chake Al-Wajiz ndicho alichokisherehesha Imamu Rafii, na sherehe ile ndiyo aliyoifupisha Imamu Nawawi katika Rawdha.

Lakini ndani ya moyo wa kijana huyu lilikuwamo suala lisilomwacha, naye ametueleza mwenyewe katika kitabu alichokiandika juu ya maisha yake, Al-Munqidh. Aliona kuwa watoto wa Manaswara hukua wakawa Manaswara, watoto wa Mayahudi hukua wakawa Mayahudi, na watoto wa Waislamu hukua wakawa Waislamu. Na aliijua hadithi ya Mtume (S.A.W.) isemayo kuwa kila mtoto huzaliwa juu ya maumbile yaliyo safi, kisha wazazi wake ndio humfanya Myahudi au Mnaswara au Majusi. Basi akajiuliza: huu Uislamu alionao yeye ni kitu alichokijua, au ni kitu alichorithishwa na baba yake kama alivyorithishwa jirani yake? Suala hili lilimsukuma kuchunguza kila madh-hebu na kila kundi, mpaka ikamfikia hali ya kutoamini hata macho yake na akili yake. Hali hiyo ilidumu karibu miezi miwili, mpaka Mungu akamtia nuru moyoni, akatulia.

Ndugu zangu, jambo hili msilisahau, kwani tutalirudia. Mtu huyu alijua tangu ujana kwamba wengi wa wanadamu hawaichagui dini yao, bali huzaliwa ndani yake.

ENZI YAKE BAGHDADI

Baada ya kufa kwa sheikh wake alikwenda kwenye kambi ya Nidhamul Mulk, waziri mkubwa wa dola ya Saljuki. Mbele ya waziri huyu wanavyuoni walikuwa wakijadiliana, na Ghazali akawashinda. Mwaka 484 H. (1091), akiwa na miaka thalathini na kitu, waziri akamweka kuwa mudarisi wa Nidhamiya ya Baghdadi, madrasa iliyokuwa haina mfano wake. Wanafunzi mia tatu walikaa mbele yake. Heshima yake ilikaribia heshima ya mawaziri.

Zama zile zilikuwa za fitina. Mwaka uliofuata, katika mwezi wa Ramadhani, Nidhamul Mulk aliuawa, na muda si muda akafa Sultani Malik Shah, na ndugu na wana wakaanza kupigania ufalme. Ghazali aliandika kitabu cha kuwapinga Batiniya kwa amri ya Khalifa Mustadh-hir, na kitabu chake mashuhuri cha kuwapinga wanafalsafa, Tahafutul Falasifa. Ndani ya Tahafut aliwahukumu kwa ukafiri katika mambo matatu: kusema kwao kuwa ulimwengu ni wa milele, kuwa Mungu hajui mambo madogo madogo moja moja, na kukanusha kufufuliwa kwa viwiliwili. Nayataja haya makusudi, asije mtu akadhani kuwa Ghazali alikuwa mlegevu asiyejali watu wanaitakidi nini. Alikuwa upanga mkali.

KUUACHA ULIMWENGU

Katika Rajab ya mwaka 488 H. (1095) alijitazama nafsi yake. Akaona kuwa anasomesha kwa ajili ya cheo na sifa, na kuwa yu ukingoni mwa shimo. Miezi sita alivutwa huku na huku: asubuhi huazimia kuondoka, jioni azma hufa. Mwishowe ulimi wake ukafungika. Alikuwa akijitahidi kusomesha hata siku moja ili kuwafurahisha wanafunzi, na neno lisitoke. Chakula kikawa hakipiti. Matabibu wakakata tamaa, wakasema kuwa maradhi haya ni ya moyo, na hayaponi mpaka moyo upate raha.

Akagawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto wake tu. Akatangaza kuwa anakwenda Makka, na nia yake ni Sham, kwa kuogopa Khalifa na marafiki wasimzuie. Damaski alikaa itikafu katika msikiti mkubwa. Hupanda juu ya mnara mchana kutwa na kujifungia mlango. Akaenda Baitul Muqaddas, kisha Al-Khalil kwenye kaburi la Nabii Ibrahim (A.S.), na huko akaweka ahadi kuwa hatachukua tena mali ya sultani, wala hatamwendea mfalme, wala hatajadiliana kwa ushindani. Kisha akahiji. Katika miaka hiyo ya upweke aliandika Ihyaau Ulumid Din, vitabu arubaini ndani ya kitabu kimoja, na ndicho kinachosomwa mpaka leo katika misikiti yetu.

Yatazameni pia mambo ya ulimwengu wa wakati ule. Alipokuwa mtoto, mwaka 1071, majeshi ya Saljuki na ya Rum yalipambana vita vikubwa huko Manzikert. Mwaka 492 H. (1099), miaka michache tu baada ya yeye kuswali Baitul Muqaddas, Mafaranga walitoka Ulaya wakauteka mji ule wakawaua watu wake, Waislamu na Mayahudi. Basi atakayoyasema Ghazali juu ya Manaswara hakuyasema katika siku za amani na maelewano, bali damu i mbichi.

KIJITABU CHA FAYSAL

Mwaka 499 H. (1106) alirudi kusomesha, safari hii Nishapur, baada ya kusihiwa na Fakhrul Mulk, mwana wa Nidhamul Mulk. Hapo maneno ya mahasidi yakazidi. Wako waliosema kuwa katika vitabu vyake yamo yanayokwenda kinyume na Ashaari, na kwamba anayekwenda kinyume na Ashaari hata shibiri moja ni kafiri. Mbali huko Andalus, katika dola ya Murabitun, Ihyaa ilichomwa moto mwaka 1109, na mwenyewe yu hai. Mtu aliyewahi kuwakufurisha wengine sasa aliyaonja maneno yale katika nafsi yake.

Faysal aliiandika kumjibu rafiki aliyehuzunika kwa maneno ya mahasidi hao. Suala lake ni moja: ukafiri ni nini hasa? Akasema kuwa ukafiri si kuihalifu madh-hebu ya Ashaari, wala ya Muutazila, wala ya Hanbali. Ukafiri ni kumkadhibisha Mtume (S.A.W.) katika jambo lolote alilokuja nalo, na imani ni kumsadiki katika yote. Kwa mizani hii akawaonya Waislamu wasikimbilie kuwatoa wenzao katika dini. Katika kitabu kingine, Al-Iqtisad, ameeleza kuwa kukosea kwa kuwaacha hai makafiri elfu ni jambo jepesi kuliko kukosea kwa kumwaga damu ya Mwislamu mmoja.

Basi liangalieni neno hili, kukadhibisha. Mtu hawezi kukikadhibisha kisichomfikia. Mimi nikikwambia kuwa barua yangu umeikataa, na barua yenyewe haijafika mkononi mwako, maneno yangu hayana maana. Na kwa njia hii Ghazali akavuka kutoka mas-ala ya Waislamu wao kwa wao, akaingia mas-ala ya watu wa dini nyingine.

MAKUNDI MATATU

Alisema kuwa rehema ya Mungu ni pana kuliko wanavyoidhania wengi, na kuwa haifai kuufanya wasaa wa rehema ile kuwa ni milki ya kundi dogo la watu wa ilimu ya kalamu. Kisha akataja kwamba wengi katika Manaswara wa Rum na katika Waturuki wa zama zake, yaani wale walio nchi za mbali ambao wito haukuwafikia, wataingia katika rehema hiyo, Mungu akipenda. Akawagawa watu wasiokuwa Waislamu makundi matatu.

Kundi la kwanza ni wale ambao jina la Muhammad (S.A.W.) halikuwafikia kabisa. Hawa wana udhuru.

Kundi la pili ni wale waliofikiwa na jina lake na sifa zake na miujiza iliyodhihiri kwake, nao ni wale walio jirani na miji ya Uislamu na kuchanganyika na Waislamu, kisha wakakataa. Hawa ndio makafiri hasa, na adhabu ni yao.

Kundi la tatu liko baina ya mawili hayo. Jina la Mtume limewafikia, lakini sifa yake haikuwafikia. Walilosikia tangu utoto wao ni kwamba mwongo mmoja, mdanganyifu, jina lake Muhammad, alidai utume. Kama vile watoto wa Waislamu wanavyosikia habari za waongo waliodai utume, wala haiwapitikii kwenda kuchunguza. Hawa, kwa rai yake, hukumu yao ni hukumu ya kundi la kwanza. Sababu aliyoitoa ni ya mtu mwenye akili: aliyesikia kinyume cha sifa za Mtume hakusikia kitu cha kumsukuma kutazama na kutafuta.

Akaongeza la nne ndani yake. Mtu wa dini yoyote mwenye kumwamini Mungu na Siku ya Mwisho, aliyefikiwa na habari za kweli, lazima moyo wake usukumwe kutafuta. Asipotafuta kwa kuipenda dunia na kwa kiburi, huyo ameikufuru haki. Lakini akishika njia ya kutafuta, asifanye uvivu, kisha mauti yakamkuta njiani kabla hajaifikia haki, huyo naye amesamehewa.

Mtoto wa Tus aliyewatazama watoto wa Manaswara na Mayahudi wakifuata wazazi wao, ndiye huyu mzee aliyeandika haya. Alijua kutafuta ni nini. Alijua jinsi mtu anavyoweza kuwa kati ya njia miezi na miaka, moyo unataka na macho hayaoni. Na kama mauti yangalimkuta katika ile miezi miwili ya shaka, angalitaka ahukumiwe vipi?

MSINGI WA MANENO YAKE

Yasifahamiwe vibaya. Ghazali hakusema kuwa dini zote ni sawa, kwake haki ni moja, na Muhammad (S.A.W.) ndiye mwisho wa Mitume. Wala hakusema kuwa wema wa moyo unatosha bila ya kutafuta. Wala hakusema kuwa Mungu analazimika kumsamehe mtu. Muutazila ndio waliosema kuwa Mungu ni wajibu juu yake kutenda uadilifu kama akili inavyoufahamu. Ghazali, kwa kuwa ni katika Ashaira, alisema kuwa Mungu halazimishwi na yeyote, na kuwa mja naye hawajibiki ila baada ya sheria kumfikia. Na dalili ya wazi ni aya ya 15 ya Suratul Israi, inayotujulisha kuwa Mungu haadhibu mpaka apeleke Mtume. Basi mlango alioufungua hakuufungua kwa akili peke yake, bali kwa ahadi aliyoitoa Mwenyewe Mola.

Wako watakaotaja hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, kuwa Myahudi au Mnaswara atakayesikia habari za Mtume kisha akafa bila ya kumwamini ni mtu wa motoni. Hadithi ni sahihi, nasi twaiamini. Lakini wanavyuoni wameuliza: kusikia ni nini? Imamu Nawawi katika sherehe yake amebainisha kuwa maana yake ni kwamba asiyefikiwa na wito ana udhuru. Ghazali akaenda hatua moja mbele, akasema kuwa aliyefikiwa na uzushi hakufikiwa na wito. Katika zama za karibu, Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa mkubwa wa Az-har tangu 1958 mpaka alipofariki 1963, naye alieleza kuwa hukumu za duniani ni kitu kimoja, na hukumu ya mtu mbele ya Mungu ni kitu kingine, na kuwa ambaye wito haukumfikia, au umemfikia kwa sura ya kuchukiza, au amefariki yumo katika kutafuta, huyo si kafiri wa kuadhibiwa mbele ya Mungu.

KUFA KWAKE

Ghazali hakukaa sana Nishapur. Alirudi kwao Tus, akajenga madrasa karibu na nyumba yake na mahali pa watu wa ibada. Siku zake akazigawa baina ya kusoma Qur'ani, kukaa na watu wa moyo na kusomesha. Mwisho wa umri wake aliishughulikia hadithi, akisoma Bukhari na Muslim kama mwanafunzi, yeye aliyekuwa imamu wa maimamu. Alifariki siku ya Jumatatu, tarehe 14 Jumadal Akhira mwaka 505 H. (18 Desemba 1111). Nduguye Ahmad amepokewa akisimulia kuwa asubuhi ile alitawadha, akaswali, akaitaka sanda yake, akaibusu na kuiweka juu ya macho yake kwa utiifu wa kuitikia wito wa Mfalme wake, kisha akanyoosha miguu akaelekea kibla. Jua halijatoka naye amekwisha ondoka. Hakuacha mtoto wa kiume, aliacha mabinti.

TUNAYOJIFUNZA

La kwanza: Imamu huyu alikuwa na elimu ambayo sisi hatuna hata sehemu yake ndogo, na ukali wa kuitetea dini usiokuwa na shaka. Na pamoja na hayo, alipofika kwenye roho za watu aliowahesabu kuwa mbali na haki, aliandika kwa hadhari, akatanguliza rehema, akasema Mungu akipenda. Sisi tulio na vitabu viwili na cheti kimoja ndio tulio wepesi wa kugawa moto.

La pili, na hili ndilo zito: atakayesoma makundi matatu yale atauliza upesi jirani zetu wako kundi gani. Hapa kwetu Wakristo na Waislamu wanakaa nyumba mlango kwa mlango, wanauziana na kununuliana, wanaoana. Je, si wale wa kundi la pili, walio jirani na Waislamu? Mimi naona, na hii ni rai yangu wala simbebeshi Imamu, kuwa Ghazali hakuutaja ujirani kwa ajili ya ukuta wa nyumba, bali kwa sababu jirani wa Waislamu alitarajiwa kuziona sifa za Mtume katika wao. Anayekaa karibu na duka la Mwislamu anayepunguza mizani, akasikia matusi mlangoni mwa msikiti, akaona wanavyuoni wakikufurishana kwa ajili ya mambo ya maulidi na talakini, huyu ameona sifa za nani? Hatari ni kuwa sisi wenyewe ndio tuliomtia katika kundi la tatu. Yeye yumkini ana udhuru. Sisi tuliouziba mlango udhuru wetu ni upi?

Suala lililoanza kuwa ni la nyanya wa kijana, likimalizika kusomwa kwa njia ya Ghazali, linatugeukia. Mungu hatatuuliza Yeye atawafanyia nini. Atatuuliza sisi tuliwafikishia nini.

La tatu: hukumu za sheria hapa duniani zina mipaka yake. Mwislamu huzikwa Kiislamu na asiyekuwa Mwislamu huzikwa na watu wake. Mirathi ina milango yake, na dua ya maghfira ina adabu zake zilizoelezwa na maimamu. Hayo tutayashika kama yalivyo. Lakini kilicho baina ya mja aliyekufa na Mola wake si daftari letu.

Nilikwenda nyumbani kwa yule kijana, nikamuomba radhi mbele ya mama yake. Sikumwambia kuwa nyanya yake yumo peponi, kwani ufunguo wa pepo hauko kwangu. Nilimwambia kuwa neno nililolisema sikuwa na haki ya kulisema, na kuwa bibi yule yuko mbele ya Mwenye kujua kilichomfikia na kisichomfikia, na alichokuwa angekifanya kama kingemfikia, na kuwa Yeye ni Mwenye huruma kwake kuliko mjukuu wake. Mama akalia. Kijana amerudi darsani, na usiku wa Jumatano tunasoma Faysal, mimi na yeye na wengine wanaopenda.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki uturuzuku kuifuata, wala usitufanye sisi kuwa pazia baina ya viumbe wako na dini yako. Mrehemu Imamu Ghazali na masheikh zetu wote, na uwalainishe nyoyo wenye kusomesha. Amin.